Mchezo mfupi wa redio hauingii sikioni: dalili, chanzo na namna ya kuurekebisha

Mchezo mfupi wa sauti, uwe wa redio ya jamii, wa podikasti au wa kutumiana kwenye kundi la WhatsApp, una tabia moja inayowasumbua waandishi wengi: kosa husikika mahali pamoja, chanzo chake kiko pengine, mara nyingi ukurasa mmoja au miwili nyuma. Msikilizaji anasema mwisho haukumgusa. Ukichunguza unakuta hakuwahi kumtambua mhusika aliyelia mwishoni. Mwandishi akirekebisha pale pale palipolalamikiwa, anaongeza maneno, na maneno hayo yanazaa tatizo jipya.

Kwa hiyo kabla hujagusa mstari hata mmoja, fanya jaribio hili. Watafute watu wawili watatu wausome mswada kwa sauti. Wewe kaa umewapa mgongo, bila karatasi mkononi. Pembeni yako akae mtu ambaye haijui hadithi hiyo. Kila baada ya dakika moja hivi, simamisha usomaji umwulize: tuko wapi, nani yupo hapa, na nani anataka nini? Swali la kwanza atakaloshindwa kulijibu ndilo linaloonyesha tatizo lilipoanzia, hata kama yeye mwenyewe alianza kuchoka dakika mbili baadaye.

Nitatumia mchezo mmoja wa dakika tano kama mfano. Tuko kwenye kikao cha kikoba cha akina mama, Kihonda, Morogoro. Sanduku lina makufuli matatu na kila ufunguo una mtu wake, kama ilivyo kwa vikoba vingi. Leo lazima lifunguliwe ili Rehema apewe mkopo wa kumtibia mwanawe. Mama Asha, mmoja wa washika funguo, anasema ufunguo wake ameusahau. Ukweli ni kwamba mdogo wake Pili, mhazini anayelaza sanduku nyumbani kwake, alifungua skrubu za bawaba akachukua pesa. Mwenyekiti ni Bi Mwantumu, mtu mzima anayeheshimiwa na wote.

Dalili: "Sasa huyu anayesema ni nani?"

Hili ndilo lalamiko la kwanza karibu kila mara, na waandishi hukimbilia kumlaumu mwigizaji. Angalia mswada kwanza.

Chanzo cha kawaida ni wingi wa watu. Kwa dakika tano, wahusika watatu wanatosha, wanne ndiyo mwisho. Anayefuata kwenye orodha ya lawama ni majina. Mhazini wetu anaitwa Pili, hakuitwa Mwajuma, kwa sababu Mwajuma na Mwantumu yakitamkwa haraka kwenye spika ya simu, sikio halipati muda wa kuyatenganisha. Chagua majina yanayoanza kwa sauti tofauti na yenye urefu tofauti.

Chanzo cha tatu kimejificha ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, kwa hiyo mstari kama "alimwambia amletee lakini akakataa" una watu watatu wasio na sura. Kwenye kitabu msomaji anarudi nyuma kuangalia, sikio halirudi. Taja uhusiano: "shemeji alimwambia Pili", "mumeo akakataa". Maneno ya undugu ni hazina ya mwandishi wa redio, maana neno moja kama wifi au shangazi linampa msikilizaji jinsia na ukaribu kwa mpigo, na mara nyingine hata umri.

Jina la kila mhusika lisikike ndani ya kauli zake mbili za kwanza, kisha liachwe. Mswada ambao kila mstari unaanza na "Sikiliza, Rehema" na "Hapana, Pili" unachosha, na ni dalili kwamba wahusika wanaongea kwa namna moja hata mwandishi mwenyewe hawezi kuwatofautisha. Jaribio lake ni jepesi: funika majina ya kushoto kwa kipande cha karatasi, usome kauli peke yake. Bi Mwantumu aseme kwa sentensi fupi zisizorudiwa. Mama Asha azungukezunguke, ajibu swali kwa swali. Rehema akatize wenzake kwa sababu ana haraka. Hapo hata waigizaji wawili wenye sauti zinazofanana watatambulika.

Kuhusu lafudhi, ushauri wangu ni wa tahadhari. Usimwandikie mtu lafudhi ya kabila au ya kisiwa fulani ili atambulike tu. Mwigizaji asiyeijua ataiiga vibaya, na wenye lafudhi yao watasikia wanadhihakiwa.

Dalili: Wahusika wanaelezana mambo wanayoyajua

Soma hii kwa sauti:

BI MWANTUMU: Mama Asha, kama unavyojua, kikoba chetu tulikianzisha miaka mitatu iliyopita na sanduku letu lina makufuli matatu, na wewe ni mmoja wa washika funguo watatu, kwa hiyo bila ufunguo wako hatuwezi kumpa Rehema mkopo wa kumtibu mtoto wake.

Mama Asha haambiwi lolote jipya hapo. Anayeambiwa ni msikilizaji, naye anaitambua hila hiyo mara moja. Chanzo ni woga wa mwandishi kwamba msikilizaji hataelewa, na kweli habari hizo zote zinahitajika. Kwa hiyo kuifuta kauli hiyo hakutibu kitu. Kinachotibu ni kuzitoa habari hizo kwenye maelezo na kuziweka kwenye mvutano, ili kila habari itoke kwa sababu kuna mtu anaihitaji sasa hivi:

SAUTI: KUFULI LINAFUNGUKA. LA PILI LINAFUNGUKA.

BI MWANTUMU: Bado lako, mama Asha. Ufunguo.

MAMA ASHA: Yaani leo... nimeuacha nyumbani.

BI MWANTUMU: Tena?

MAMA ASHA: Si tufungue tu Jumamosi? Sanduku lina miguu?

REHEMA: Jumamosi! Mwanangu anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi.

Makufuli matatu tumeyapata kwa kusikia mawili na kuambiwa la tatu bado. Kwamba hii si mara ya kwanza, tumepewa na neno moja, "tena". Haja ya Rehema imekuja kama kilio. Miaka mitatu ya kikoba imeachwa nje kabisa, na hakuna atakayeiulizia. Habari nyingi ambazo mwandishi anaona ni lazima zisikike hutoweka hivyo bila mtu kugundua.

Msimulizi naye ni dawa inayotumiwa kupita kiasi kwa ugonjwa huu huu. Kama msimulizi wako anasema "Rehema alikuwa na wasiwasi sana", mpokonye kazi hiyo umrudishie Rehema.

Dalili: Mlio upo, lakini haujulikani ni wa nini

Mvua juu ya bati na vitumbua vinavyokaangwa kwenye mafuta, ukivisikia bila picha, vinafanana kiasi cha kukosesha watu raha. Nailoni ikifinyangwa karibu na maiki inasikika kama moto, na ndivyo mafundi wa studio wanavyotengeneza moto wa redioni. Somo kwa mwandishi ni kwamba mlio pekee haujitambulishi. Milio michache hujitegemea: jogoo, king'ora, honi, mlango unaobishwa. Mingine yote inahitaji neno la kuitanguliza, na litangulie kweli. "Anua haraka hizo nguo, mawingu yale" likisemwa kwanza, mlio utakaofuata ni mvua bila shaka. Mlio ukianza kabla ya neno, msikilizaji ataelekeza mawazo jikoni, na kumtoa huko kunakugharimu sekunde kumi.

Kosa pacha ni kuandika kwa macho. "Jua linazama nyuma ya milima, Pili anamtazama dada yake kwa hofu." Hakuna hata kimoja kinachofika hewani. Kila elekezo uliloandika liulize: hili linasikika kwa njia gani? Kama jibu ni kwamba linaonekana, lihamishe liwe kauli au mlio, au lifute.

Muda wa siku unapatikana kwa masikio kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Adhana inatosha, ila chagua sahihi. Ya alfajiri ina maneno ya ziada ya kukumbusha kwamba sala ni bora kuliko usingizi, na msikilizaji wa Zanzibar, Mombasa au Tanga akiyasikia kwenye tukio la magharibi, atatoka kwenye mchezo wako moja kwa moja. Kunguru wengi wakilia pamoja wanakupeleka mji wa pwani kabla mtu hajasema neno. Hizi ni mandhari zinazopatikana bure kwa kuweka simu dirishani na kurekodi.

Kuna na njia ya kuukata mzizi wa tatizo: tafuta mahali ambapo wahusika wenyewe hawaoni. Tarehe 15 Januari 1924, BBC ilirusha mchezo wa Richard Hughes uitwao Danger, unaotajwa kuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa kuandikwa kwa ajili ya redio. Aliwaweka watu ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zikazimika. Tangu hapo msikilizaji na wahusika wako giza moja, na kila wanachoulizana wahusika ndicho msikilizaji anachotaka kujua. Kwetu umeme hukatika bila kuhitaji mgodi. Hata kikao chetu cha Kihonda kingeweza kufanyika usiku na taa ikazimika wakati sanduku liko mezani, na hapo swali la "nani amelishika?" lingekuwa la kila mtu.

Dalili: Mhusika anaibuka mwishoni kama mgeni

Katika jaribio la mswada wa kwanza, Pili anapokiri mwishoni, msikilizaji anauliza: "Huyu ametoka wapi?" Mwandishi anashangaa, kwa sababu Pili alitajwa kwenye orodha ya waliopo tangu mwanzo. Lakini redioni, aliyenyamaza hayupo. Akikaa dakika moja na nusu bila kusikika, ametoka chumbani kichwani mwa msikilizaji, na akirudi kuzungumza anakuwa mzuka.

Hapa ndipo waandishi wanapolitibu kosa palipouma: wanamwongezea Pili hotuba ya kukiri, ajieleze yeye ni nani na kwa nini alifanya vile. Rudi nyuma badala yake. Mpe Pili alama ndogo za kusikika wakati wengine wanabishana. Bi Mwantumu anamwambia, "Pili, mbona umesimama? Kaa." Kikombe kinagonga kisosi. Mama Asha anamtuma maji ambayo hakuna aliyeyaomba, na msikilizaji mwerevu anaanza kujiuliza kwa nini dada anataka mdogo wake atoke nje. Sekunde nane tu kwa jumla, na kukiri kwake sasa hakuhitaji hotuba, neno moja linatosha.

Nimelipa jambo hili uzito kwa makusudi. Ukimya wa mtu aliyepo ni moja ya vitu vyenye nguvu zaidi katika mchezo wa sauti, lakini msikilizaji hawezi kuusikia ukimya wa mtu ambaye hajakumbushwa kwamba yupo.

Dalili: Dakika tano zimekuwa nane

Miongozo mingi ya Kiingereza humwambia mwandishi ahesabu maneno 150 hivi kwa dakika. Usiitumie. Neno letu moja kama "hatukumwambia" linabeba sentensi nzima ya watu wengine, na ulimi unalichukulia muda wake. Kwa mchezo wenye milio na pumziko, mimi huanzia maneno 100 kwa dakika, kisha nasoma ukurasa mmoja kwa sauti na saa mkononi ili nipate kipimo cha mswada wenyewe. Mchezo wa wazee wanaoongea polepole na mchezo wa makondakta wa daladala haviwezi kuwa na hesabu moja.

Ukishajua umezidi, usianze kupunguza neno hapa na neno pale. Tazama ukurasa wa kwanza. Kuna uwezekano mkubwa umeanza na hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na sehemu nzuri ya dakika yako ya kwanza imekwisha watu bado wako mlangoni. Adabu hiyo ni kweli ndivyo tunavyoishi, lakini mchezo mfupi unaweza kuanza sisi tumeshakaa. Anza na kufuli la kwanza linafunguka.

Salamu moja ibaki, ile yenye kazi. "Shikamoo" na "marahaba" vinaonyesha nani mkubwa na nani mdogo bila maelezo yoyote. Na salamu isiyoitikiwa ina nguvu zaidi: Rehema akimwamkia Mama Asha na kisipatikane kitu ila mlio wa kiti kuburutwa, ugomvi umeshaanza.

Dalili: Mwisho unahubiri

BI MWANTUMU: Wanakikundi wenzangu, tujifunze kuwa uaminifu ndio msingi wa vikoba vyetu.

Kauli hii mara nyingi haitoki kwa mwandishi. Inatoka kwa mradi uliolipia mchezo, wenye ujumbe unaotakiwa usikike neno kwa neno. Naelewa shinikizo hilo, na bado nasema lipingwe, kwa hoja ambayo hata mfadhili ataiheshimu: mahubiri hayafanyi kazi vizuri kama hadithi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati mwaka 1993, mada zilikuwa uzazi wa mpango na UKIMWI, mambo yanayogeuka hotuba kwa urahisi sana. Wasikilizaji wakapewa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Walimfuata Mkwaju mpaka matendo yake yakampata. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995 ili watafiti wapate pa kulinganisha, na kule ulikosikika ndiko matumizi ya uzazi wa mpango yalikopanda zaidi.

Mchezo wa mfululizo una miaka ya kuonyesha matokeo ya tabia. Wewe una dakika tano, kwa hiyo usijaribu kuonyesha matokeo. Onyesha uamuzi mmoja unaomgharimu mtu, na ujumbe uingie humo. Kwetu ni uamuzi wa Mama Asha, kati ya mdogo wake na mtoto wa mwenzake:

REHEMA: Bi Mwantumu, mimi naondoka. Nitajaribu kwa majirani.

SAUTI: KITI KINASUKUMWA NYUMA.

MAMA ASHA: Kaa, Rehema.

PILI: Dada...

MAMA ASHA: Na wewe kaa.

SAUTI: ZIPU YA MKOBA. FUNGUO. KUFULI LA TATU LINAFUNGUKA.

Malizia hapo. Sanduku lisifunguliwe hewani. Msikilizaji anajua kilichomo, au kisichokuwemo, na ataubeba uaminifu wa kikoba kichwani bila kutajiwa. Kama mfadhili bado anataka namba ya simu ya huduma au jina la mradi, visomwe na mtangazaji baada ya muziki, nje ya mchezo.

Mwisho huu ukisikika baridi kwenye jaribio, usiuongezee kitu. Rudi kwenye dakika ya kwanza uangalie kama haja ya Rehema ilisikika, kisha kwenye dakika ya pili uangalie kama tulijua kwamba Pili ni mdogo wake Mama Asha. Neno "dada" mwishoni halina uzito kama halikuwahi kusikika kabla.

Dalili: Waigizaji wanasoma, hawasemi

Hapa mara nyingi mswada ni mzima, tatizo ni sentensi na karatasi. Kauli isiyoweza kusemwa kwa pumzi moja ikatwe. Vishazi vya "ambaye" na "ambacho" vitolewe, maana hakuna anayebishana kwa "ambacho". Maneno ya barua za ofisini, kama "hivyo basi" na "kwa mujibu wa", yabaki kwa mhusika anayependa kujikweza tu.

Majina ya wahusika yaandikwe kwa herufi kubwa upande wa kushoto, milio nayo kwa herufi kubwa kwenye mstari wake, ili fundi mitambo aione kwa jicho moja. Maelekezo ya hisia yawe machache. Ukilazimika kuandika "kwa hasira" kila mahali, kauli zenyewe hazina hasira. Kauli isikatike kati ya kurasa mbili, maana hapo ndipo mwigizaji hutulia kugeuza karatasi na maiki inakinasa kimya hicho pamoja na mchakacho wake. Chapa upande mmoja tu, usibane kurasa kwa pini, na kila mwigizaji aliyemaliza ukurasa auteremshe sakafuni juu ya zulia au kanga iliyotandikwa.